Mwanafunzi Mwenye Mvi

Sinema zinazohusu walimu zina desturi yao. Mwalimu anaingia katika darasa lililoshindikana, anamkuta kijana mkaidi amekaa nyuma kabisa na miguu yake juu ya dawati, na kwa muda wa saa mbili anamtuliza kijana huyo kwa subira, ucheshi na hotuba mbili tatu, hata mwisho wanaagana kwa machozi. Mfano unaojulikana sana ni To Sir, with Love ya mwaka 1967, ambamo Sidney Poitier anacheza mwalimu mweusi katika shule ya watoto wa makabwela wa mashariki ya London. Ni picha nzuri, wala siidharau. Ilitokana na kitabu cha E. R. Braithwaite, mtu wa Guyana aliyeifanya kazi hiyo kweli. Lakini nimeshika chaki muda mrefu wa kutosha kujua kwamba kijana mkaidi siye mwanafunzi mgumu kuliko wote. Kijana mkaidi anakua, na ukaidi wake mara nyingi humtoka kama nguo iliyombana. Mwanafunzi mgumu ni yule anayekuja kwa hiari yake, anakaa dawati la mbele, ana adabu zote, na amekuzidi umri kwa miaka arobaini.

Ndiyo maana niliitazama kwa makini filamu iitwayo The First Grader, yaani Mwanafunzi wa Darasa la Kwanza, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Kisa chake ni cha kweli na kilitokea kwa jirani zetu. Januari 2004 Mzee Kimani Maruge, Mkikuyu aliyehesabiwa kuwa na miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Serikali ya Mwai Kibaki ilikuwa imefuta ada za shule za msingi mwaka uliotangulia na kutangaza kwamba elimu hiyo ni ya bure kwa wote. Mzee alilichukua neno "wote" kama lilivyo, bila kulipunguza. Kitabu cha Guinness kikamwandika kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote aliyepata kuanza shule ya msingi. Katika filamu Maruge anachezwa na Oliver Litondo, Mkenya aliyekuwa mtangazaji wa habari kabla ya kuwa mwigizaji, na mwalimu mkuu aliyempokea, Jane Obinchu, anachezwa na Naomie Harris wa Uingereza.

Kwa wale ambao hawajaiona, hadithi ni hii. Mzee anafika langoni pa shule na fimbo yake. Nyumbani ana barua iliyotoka serikalini, nayo hawezi kuisoma, na hataki kusomewa. Anafukuzwa, anarudi. Anaambiwa hana sare. Anakata suruali iwe kaptula, anavaa soksi ndefu, anarudi tena. Mwalimu Jane anampokea ingawa wenzake wanamwonya. Basi balaa linaanza: wakubwa wa elimu wanakasirika, wazazi wanalalamika kwamba mzee anakula nafasi ya mtoto, waandishi wa habari wanajaa uwanjani, simu za vitisho zinapigwa usiku, na mwalimu anapewa uhamisho wa mbali. Katikati ya hayo yote tunarudishwa miaka ya 1950, zama za Mau Mau, tukamwona Maruge kijana kizuizini akiteswa, na mke wake na watoto wakiuawa mbele ya macho yake.

Sehemu ya langoni ndiyo bora kuliko zote. Neno "huna sare" kila mwalimu mkuu analijua. Ni neno la kumfukuza mtu bila kumfukuza, kwa maana unajua hataipata. Maruge analitendea neno hilo jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: analitii. Anarudi amevaa kaptula, miguu yake ya kizee iko nje mbele ya watoto, na sasa aliyemwambia ndiye anayeona haya. Litondo hafanyi kichekesho hapo, wala hajitii unyonge. Anasimama tu, kama mtu aliyekwisha kulipa anachodaiwa na sasa anangoja risiti. Kwa tukio hilo peke yake ningemshauri mtu yeyote aitafute filamu hii.

Lakini baada ya kuingia? Hapa ndipo ninapoanza kugombana na watunzi. Filamu hii ina urefu wa zaidi ya dakika mia moja, na sehemu kubwa ya dakika hizo inahusu kama mzee aruhusiwe kukaa darasani au asiruhusiwe. Namna anavyojifunza tunaipata kwa kuchungulia. Anaandika herufi, anacheza na watoto, anaimba nao, muziki unapanda, na tunapomwona tena amekwisha piga hatua. Kana kwamba ugumu wote ulikuwa kwa mlinzi wa lango na kwa mkaguzi wa shule, na mtu akishaingia ndani, kusoma kunakuja kwenyewe kama usingizi. Mwalimu yeyote atacheka. Lango ni jambo la siku moja, au la wiki moja kwa mtu mwenye uvumilivu wa Maruge. Baada ya hapo kuna miezi ishirini ya herufi b na d.

Kuna mahali pamoja ambapo filamu inagusa jambo lenyewe. Darasani watoto wanachonga kalamu za risasi, kazi ya kila siku isiyo na maana yoyote kwao. Kwa Maruge kalamu iliyochongwa ni chombo alichotobolewa nacho sikio na watesaji wake kizuizini. Mkono unamkatalia. Tazama lilivyo zito jambo hili: mzee amekuja kutafuta kusoma na kuandika, na chombo cha kuandikia ndicho kilichomwumiza. Mwalimu wake hajui, na hana njia ya kujua. Anachokiona ni mwanafunzi asiyefuata agizo. Katika uzoefu wangu huo ndio ugumu halisi wa mwanafunzi mgumu, kwamba sababu iko mahali ambapo mwalimu hakuwapo. Laiti filamu ingebaki hapo, kwa kalamu ile, na kutuonyesha siku ya pili na ya tatu na ya kumi! Haikubaki. Iliharakisha kurudi kwa wanasiasa.

Liko na jambo lililonichoma zaidi. Wakubwa wanapomkataza Maruge kukaa na watoto, anapelekwa kwenye darasa la watu wazima mjini. Tunaonyeshwa darasa hilo kwa muda mfupi mno: watu wavivu wasiojali, kelele, hakuna anayetaka kujifunza. Mzee anaudhika, anaondoka na kuapa kutorudi. Watazamaji wa Ulaya wanaridhika kwamba kweli hapakuwa na mahali pengine pa kumweka mzee isipokuwa kati ya watoto wa miaka sita. Hivyo madarasa yote ya watu wazima ya Afrika Mashariki yakahukumiwa kwa mkupuo mmoja, bila hata kuitwa shahidi.

Mimi ni mmoja wa mashahidi ambao hawakuitwa. Nilitoka Chuo cha Ualimu Marangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikapangiwa shule huku kwetu milimani, juu ya Same, na pamoja na darasa la watoto asubuhi nikakabidhiwa darasa la kisomo jioni. Haikuwa hiari. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake ikaja kampeni ya kufuta ujinga nchi nzima ifikapo mwishoni mwa 1975. Kila shule ya msingi ikawa kituo, na kila mwalimu mkuu akawa msimamizi. Hoja ya Mwalimu ilikuwa ya kimahesabu kabisa: mtoto unayemfundisha leo utamngoja miaka mingi kabla hajalibadili taifa, bali baba yake na mama yake wana jembe mkononi leo. Mwaka 1967 karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 hesabu za taifa zilionyesha kwamba wasiojua walikuwa wamepungua hata chini ya mmoja katika kumi. Hesabu hizo sizimezi nzimanzima, maana niliona jinsi baadhi ya watu walivyofaulishwa kwa kutambua maneno machache ubaoni. Lakini hata ukizipunguza kwa nusu, hao ni mamilioni ya akina Maruge. Hawakupigwa picha na mtu, wala hawakupanda ndege.

Wanakisomo wangu walikuja kama saa kumi, wametoka mashambani, miguu ina udongo wa vihamba. Akina mama ndio waliokuwa wengi. Wengi wao waume zao walikuwa Tanga kwenye mkonge au Dar es Salaam, na barua ikija ilibidi isomwe na shemeji, au na mtoto wa shule, au na mimi. Sasa fikiria barua ya mume kwa mkewe inayosomwa na shemeji. Mama mmoja aliniambia wazi kwamba habari za pamba na mbolea zilizomo katika vitabu vya kisomo zingoje, yeye anataka kusoma barua yake mwenyewe mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo ninamwelewa sana Maruge asiyetaka kusomewa barua. Filamu inaitumia barua hiyo kama kamba ya kumvuta mtazamaji hadi mwisho, naye mtazamaji anauliza, "Imeandikwa nini?" Huku kwetu swali lilikuwa jingine: nani ataisoma, na atakuwa amejua nini juu yangu akishaisoma?

Pale darasani alikuwapo pia mzee mmoja aliyekuwa karibu na miaka sabini. Alikuja kila kipindi na mkebe wa bati chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na karatasi za kesi ya shamba, hukumu na rufani, za miaka mingi. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na sioni faida ya kukanusha. Mzee yule hakutaka kuanza na a, e, i, o, u. Alitaka kwanza kuliona jina lake, pili jina la mdai wake. Nikamwandikia yote mawili ubaoni. Aliliangalia la mdai wake kwa muda, akauliza kwa nini ni refu kuliko lake. Darasa zima lilicheka, naye akacheka, na tangu siku hiyo alijifunza kwa bidii ambayo sijaiona kwa mtoto yeyote, kwa sababu alikuwa na adui wa kumtafuta ndani ya zile karatasi.

Baadhi ya wanakisomo wa umri wake walikuwapo mwaka 1945, wakati maelfu ya Wapare waliposhuka kutoka milimani na kuketi Same kuipinga kodi ya mbiru. Ile ilikuwa kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, naye mtu hakujua amekadiriwaje. Walikuwa wakisimulia habari hizo wakati wa kungojana, kabla kipindi hakijaanza. Mtu aliyepata kutozwa kwa karatasi asiyoweza kuisoma hakuhitaji kuhubiriwa faida ya kisomo, hivyo mimi sikuhubiri. Na hapo Chadwick na mwandishi wake, Ann Peacock, wamefanya vema kuunganisha daftari la Maruge na vita vyake vya zamani. Wamelielewa jambo hilo, ingawa wamelitia damu nyingi ili lionekane kutoka mbali.

Tatizo la kwanza la darasa la wakubwa ni salamu, na hilo watunzi wa filamu hawakuliona kuwa lina hadithi ndani yake. Katika shule zetu mwalimu akiingia darasa husimama na kumwamkia, shikamoo mwalimu. Sasa mwalimu ana miaka ishirini na mitatu, na mbele yake wamekaa baba zake wadogo, mama zake wakubwa, na mzee aliyemtahiri baba yake. Nani amwamkie nani? Baadhi ya wenzangu walikata shauri kwamba darasani mwalimu ni mwalimu, na wazee wasimame kama watoto. Orodha zao za mahudhurio zilijibu swali hilo katika mwezi wa kwanza. Mimi nilisimama nje mlangoni nikawaamkia mmoja mmoja wakiingia, shikamoo baba, shikamoo mama, nao wakaniitikia marahaba mwalimu. Salamu ikaishia nje. Ndani hakusimama mtu.

La pili ni kusahihisha. Kosa la mtu mzima halipigwi mkasi kwa wino mwekundu. Daftari lile analirudisha nyumbani, watoto wake wanalifunua, na alama ya kosa wanaijua kuliko yeye. Nilikuwa naandika neno lililo sahihi chini ya lake, kwa kalamu ya risasi, bila alama yoyote, na wiki ijayo alikuwa amelirekebisha mwenyewe na kulifuta la kwangu. La tatu ni macho. Mara nyingi mzee aliyehesabiwa kuwa mzito wa kuelewa alikuwa haoni ubao tu, na asingesema, kwa kuwa kukiri huoni ni kukiri umezeeka. Kulikuwa na la nne, watoto wanaochungulia dirishani na kucheka. Kwa hilo nilikuwa na dawa moja tu, nayo ni fimbo, ambayo siku hizo haikuhitaji maelezo.

Nimeyataja haya si kwa kujisifu bali kuonyesha ni mambo mangapi yanayotokea ndani ya chumba kimoja kati ya mwalimu kijana na mwanafunzi mzee, na kila moja lingetosha kuwa tukio la filamu. Naomie Harris ana uso unaoweza kuyabeba. Anapomtazama Maruge kwa mara ya kwanza unaona hesabu inapita machoni pake, huruma upande mmoja na orodha ya madawati upande wa pili. Ni uigizaji wa kweli. Lakini baadaye anapewa kazi ya kuwapigia kelele wakubwa, kulia kwenye simu na mumewe, na kuhamishwa. Tunamwona mtu shujaa; ufundi wake wa kufundisha hatuuoni. Kuna wakati anamfanya Maruge msaidizi wake ili apate kumbakisha shuleni, na hiyo ni hila ya kiualimu hasa, ya kumpa mwanafunzi mgumu kazi ya kumheshimisha. Nilitamani filamu ikae hapo angalau dakika kumi.

Juu ya wazazi, filamu haikutenda haki. Wamechorwa kama kundi la wenye wivu na ukabila, na hapana shaka wa namna hiyo walikuwapo. Lakini ada zilipofutwa Kenya mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni kwa mwaka mmoja. Sisi Tanzania tuliyaona yaleyale kuanzia 2001 ada zilipofutwa huku: darasa la kwanza lenye watoto mia na thelathini, mwalimu mmoja, wanne wakiandika juu ya dawati moja na waliobaki wakiandika juu ya mapaja. Mzazi anayeuliza kwa nini mzee wa miaka 84 anakalia dawati wakati mwanawe amekaa chini ameuliza swali la haki. Ningekuwa mwalimu mkuu wa Kapkenduiywo, huenda nami ningempokea Maruge, lakini ningelijibu swali lile, nisingeligeuza kuwa uovu. Na jibu moja lilikuwapo mkononi: darasa zuri la jioni. Ndilo lililodharauliwa katika lile tukio fupi la mjini. Nchi zetu zilipoacha kuyagharimia madarasa ya kisomo, miaka ya 1980 na 1990, mzee mwenye hamu ya kusoma alibakiwa na lango la shule ya watoto tu. Filamu inamsifu kwa kulibisha lango hilo bila kuuliza ni nani aliyelifunga lile jingine.

Kisha kuna suala la lugha. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni Kiingereza. Mwalimu anamweleza mzee kwa Kiingereza, mzee anajibu kwa Kiingereza safi, halafu anakwenda kujifunza a, b, c. Niliitazama hapa Same kwenye kompyuta ya mjukuu wangu, na majirani wawili wa rika langu wakasogeza viti. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huyu mzee amejifunza wapi Kiingereza chote hiki kama hajasoma?" Sikuwa na jibu la kumpa. Najua filamu hutafuta watazamaji wanaolipa, na hao hawako Same. Lakini hadithi ya mtu anayetafuta maandishi imeondolewa lugha ambayo maandishi hayo yangemjia kwanza, na mzee amepoteza kigugumizi chake. Kwa Kiswahili cha Eldoret, au kwa Kikuyu chake mwenyewe, tungesikia anavyotafuta maneno mbele ya mwalimu kijana, na kutafuta huko ni sehemu ya somo.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la familia. Filamu inamwonyesha Maruge kama mtu anayeishi peke yake katika kibanda, ambaye wote aliowapenda waliuawa zamani. Maruge wa kweli alikuwa mjane, lakini alikuwa babu wa wajukuu thelathini, na wawili kati yao walisoma katika shule ileile. Nilipofikiria jambo hilo nililaza kichwa kwenye kiti. Mtunzi gani mwenye akili timamu anapewa babu na wajukuu wake katika shule moja, naye anawatupa? Jioni wanarudi pamoja. Mjukuu yuko darasa la juu ya babu yake. Nani anamsaidia nani kazi ya nyumbani? Siku babu amekosea hesabu mjukuu anaionea haya au anaificha? Babu akichapwa, mjukuu afanye nini? Mambo haya nimeyaona kwa macho, mama na binti yake wakijifunza kwa kitabu kimoja, na binti akimsahihisha mama kwa sauti ya chini ili baba asisikie. Watunzi waliona upweke unaliza zaidi. Machozi wamepata, nami nakiri nililia mahali pake, lakini kwa kuuondoa ukoo walimwondoa mzee katika Afrika yake wakabaki na mnara.

Miaka kumi na moja baadaye alitokea mwingine wa kulionyesha jambo hili. Pascal Plisson, Mfaransa, alitoa mwaka 2021 filamu iitwayo Gogo, juu ya Bibi Priscilla Sitienei, mkunga wa kijiji cha Ndalat, Kenya, aliyesoma shule ya msingi akiwa na zaidi ya miaka tisini pamoja na vitukuu vyake. Wengine darasani kwake aliwazalisha yeye mwenyewe. Filamu hiyo haina wanajeshi wala mateso, wala haina wakubwa wa kupigiwa kelele, na inakwenda polepole kama bibi mwenyewe. Bibi anakaa kati ya watoto wa ukoo wake, na huna haja ya muziki kukueleza uhisi nini. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99. Sisemi kwamba Gogo ni filamu kubwa kuliko ile ya Maruge. Ina utamu mwingi mno mahali pengine, na Wazungu wanapenda safari. Lakini inajua bibi anakaa na nani.

Habari za Maruge mwenyewe baada ya pale filamu inapoishia zinastahili kusimuliwa. Mwaka 2005 alifanywa kiranja mkuu wa shule, na Septemba mwaka huo akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuwahimiza wakuu wa mataifa juu ya elimu ya bure. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mali yake iliibiwa, akaishi katika kambi ya waliokimbia makazi yao, na kutoka kambini akaendelea kutembea kilomita kadhaa kila siku kwenda shule. Katikati ya mwaka 2008 ilibidi aache Eldoret, akahamia makao ya wazee Nairobi, na huko akaandikishwa darasa la sita katika Shule ya Msingi Marura. Aliugua saratani ya tumbo, akafariki Agosti 14, 2009, kabla ya kufikia mtihani wa darasa la nane.

Mimi ningeanzia Marura. Mzee wa karibu miaka 90 katika shule ya mjini, hana tena Mwalimu Jane wala wale watoto waliomzoea, si kiranja tena, waandishi wa habari wamekwenda zao, na sikio moja halisikii. Mbele yake yuko mwalimu mwingine, mgeni kabisa, mwenye darasa limejaa na muhtasari wa kumaliza. Ni asubuhi ya kwanza, kengele imelia, na mwalimu huyo lazima aamue atamwamkiaje.